Zamu ya Jiwe

Kamati ilimpa Eyotaru wiki nne za majaribio. Ilipofika Jumatatu ya wiki ya tatu, hakuna kompyuta hata moja iliyokuwa imewashwa, na mji mzima wa Koboko ulikuwa unajua.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa juu ya meza za mbao ndani ya kituo cha mafunzo, jengo lililokuwa ghala la tumbaku zamani. Tumbaku ilikuwa imehama miaka mingi, harufu yake haikuhama. Kila kompyuta ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama vile vinavyowekwa juu ya viti vya sebuleni mgeni akitarajiwa. Mama Asiya, makamu wa mwenyekiti wa kamati, alivifuma kwa mkono wake mwenyewe, kumi na mbili, na cha kumi na tatu kidogo cha printa. Basi wanafunzi tisa wa darasa la kwanza la kompyuta walikuwa wanakaa kila asubuhi wakitazamana na vitambaa, wakiandika kwa penseli kwenye madaftari.

Jumatatu hiyo Eyotaru alikuta barua juu ya meza yake. Iliandikwa kwa wino mwekundu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Ondoga, alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na hakuwa na kalamu ya rangi nyingine. Barua ilisema kwamba Alhamisi, saa nne asubuhi, kamati itakuja kuona wanafunzi wakitumia kompyuta. Kama hawatumii, darasa atapewa Bwana Afedra wa Arua, ambaye wanafunzi wake siku ya kwanza tu wanaandika majina yao kwa rangi saba, na Mwalimu Eyotaru atarudi kwao Dadamu na shukrani za kamati.

Eyotaru aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari la mahudhurio. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, hata akiulizwa kama amekula. Kwao Dadamu hapakuwa pabaya. Ila alitaka darasa hili kuliko alivyowahi kutaka darasa lolote, na sababu yake ilikuwa na jina: Anguyo.

Miaka miwili nyuma, kule Arua, Eyotaru naye alikuwa anafundisha rangi. Wanafunzi wake waliandika majina yao yakapinda kama daraja, wakayawekea maua, wakayachapisha, wakaenda kuyabandika ukutani nyumbani. Wa kwanza katika wote alikuwa Anguyo. Alipata cheti, na kwa cheti hicho akapata kazi ya kutunza orodha ya wagonjwa katika zahanati moja ndogo. Mwezi wa pili akaambiwa apange majina kwa alfabeti. Anguyo akabonyeza, majina yakajipanga, A juu, Z chini, safi kabisa. Ila alikuwa amepanga safu ya majina peke yake. Safu ya umri, ya ugonjwa na ya dawa zilibaki pale pale zilipokuwa. Asubuhi iliyofuata mzee mmoja wa miaka sabini na mbili aliitwa mbele ya watu akaulizwa mimba yake ina miezi mingapi. Mzee akajibu kwamba hana habari nayo.

Eyotaru alikwenda mwenyewe kwenye zahanati hiyo, na kwa siku nne yeye na Anguyo walimrudishia kila mtu ugonjwa wake. Siku ya nne alimuuliza, "Ulipobonyeza, ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilifikiri mashine inajua," Anguyo akasema.

Eyotaru alisogea kwenye jina lililofuata. Alikuwa amemfundisha miezi mitatu na hakuna siku aliyomwambia kwamba mashine haijui.

Kwa hiyo alipopewa darasa la Koboko aliamua kwamba kabla mtu hajanyanyua kitambaa cha Mama Asiya, atakuwa amelijua jambo hilo mpaka kwenye mifupa: mashine haijui kitu, na lile usiloiambia, kwake halipo. Shida ilikuwa kupata mashine ya kujifunzia. Aliipata getini.

Aliga, askari wa kituo, alikuwa na miaka hamsini na nane. Alikaa jeshini muda mrefu, na huko alitoka na vitu viwili, koti na utii. Mwezi wa kwanza wa kazi yake mwenyekiti alimwagiza asimruhusu mtu yeyote kuingia bila kadi. Kesho yake mwenyekiti akaja bila kadi.

"Aliga, si unanijua?"

"Najua wewe, Mzee. Mama ya watoto yako pia najua. Kadi ndiyo bado sijaona."

Mzee Ondoga alirudi nyumbani kwa miguu kuichukua. Alipofika tena, Aliga aliitazama kadi mbele na nyuma, akapiga saluti, akafungua.

Eyotaru alimwomba awe kompyuta ya darasa. Aliga hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza anaanza saa ngapi, anamaliza saa ngapi, na amri inatoka kwa nani.

"Amri inatoka kwenye karatasi," Eyotaru akasema.

"Si kwa mdomo?"

"Si kwa mdomo."

"Hata yako, Madamu?"

"Hata yangu."

"Hiyo iko vizuri," Aliga akasema. "Jeshini mdomo ndiyo ilikuwa inaharibu kazi."

Siku ya kwanza wanafunzi waliandika: Fagia darasa. Aliga akasoma, akachukua ufagio, akafagia. Akafika mlangoni, akageuka, akafagia tena kutoka mlangoni. Wanafunzi wakanyanyua miguu. Baada ya mara ya nne hakukuwa na kitu cha kufagia, lakini Aliga alikuwa bado anafagia.

"Bosi, imetosha," akasema Jale, kijana fundi wa redio ambaye alimwita kila mtu bosi, mpaka mbuzi.

Aliga hakumtazama hata kidogo.

"Hatukuandika mwisho," akasema Elena.

Elena alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Yei, muuza samaki wakavu sokoni. Alijiandikisha darasani kwa sababu kila ofisi aliyoingia tangu avuke mpaka ilimwambia kwamba kompyuta imekataa, na alitaka kuonana na huyo anayekataa. Akachukua karatasi akaongeza: mpaka darasa liwe safi.

Aliga akasimama na ufagio mkononi. "Safi ni nini?"

Walibishana saa nzima. Jale alisema safi ni pale mama mkwe anapoingia na kukosa la kusema, lakini mama mkwe hakuwepo wa kupimia. Mwishowe Elena akaandika: fagia kila mraba wa sementi mara moja, kuanzia dirishani, ukimaliza wa mlangoni, weka ufagio chini. Aliga akafagia miraba arobaini na miwili, akaweka ufagio chini. Darasa likatulia kama watu waliokwisha kula.

Hivyo ndivyo zilivyopita wiki mbili. Na sasa kulikuwa na barua.

"Madamu, tuwashe tu," Jale akasema Jumanne, aliposikia. "Waje, waone rangi, waende zao. Halafu tuendelee na Bosi Aliga."

"Nikiwaonyesha rangi, wataniagiza rangi," Eyotaru akasema. "Tutawasha. Lakini kwanza waone kitu tulichokiandika sisi kikifanya kazi. Wakishakiona ndipo tunakiingiza kwenye mashine mbele yao."

"Kitu gani?"

Elena ndiye aliyetaja pampu.

Ndani ya uwanja wa kituo kulikuwa na kisima cha pampu, na majirani wote wa upande ule walichota hapo. Kila siku palikuwa na ugomvi. Nani alifika kwanza, nani ameingiza jerikeni ya dada yake katikati, nani amesogeza ya mwenzake kwa mguu. Wiki iliyopita wanawake wawili walipigana kwa vifuniko vya jerikeni. Ufunguo wa mnyororo wa mpini alikuwa nao Aliga. Basi darasa liandike foleni ya pampu, mstari kwa mstari, Aliga aiendeshe Alhamisi tangu asubuhi, na kamati ikifika saa nne ikute amani.

Waliandika mistari kumi na mmoja. Mstari wa kwanza: fungua mnyororo. Wa pili: tazama kilicho mbele ya foleni. Wa tatu: mwenyewe ateke mpaka chombo kijae. Wa nne: kikijaa, kiondolewe na foleni isogee. Wa tano: rudi mstari wa pili. Wa nane ulitokana na ule ugomvi: kitu chochote kikitolewa mahali pake kwenye foleni, kirudishwe. Wa kumi na moja: saa kumi na mbili jioni, funga. Jumatano kutwa waliijaribu mezani, vifuniko vya soda vikiwa ndiyo jerikeni. Waliingiza vifuniko vikubwa na vidogo, wakamleta mtu mkorofi, wakamleta mjamzito, wakaleta jerikeni inayovuja. Kila kitu kilipita. Eyotaru alipanga vifuniko mwenyewe mara ya mwisho, akaridhika, akabandika karatasi kwenye nguzo ya pampu kwa gundi ya mihogo.

Alhamisi Aliga alifungua mnyororo saa mbili kamili, koti limefungwa vifungo vyote. Jerikeni ya kwanza ikajaa, ikaondoka. Ya pili, ya tatu. Hakuna aliyegombana. Eyotaru alisimama dirishani kwa muda, kisha akaingia kusaidia kufuta vumbi kwenye skrini.

Saa tatu na robo Elena akaja mlangoni. "Mwalimu. Njoo uone."

Mbele ya foleni, mahali pa jerikeni, palikuwa na jiwe.

Lilikuwa jiwe la kawaida, ukubwa wa mkate, na doa la rangi ya bluu. Nyuma yake jerikeni ishirini na kitu zilijipanga mpaka ukutani, na katikati yao mawe mengine saba. Kwenye pampu ile, kama ilivyo kwenye pampu nyingi upande huu, mtu mwenye shughuli anaweka jiwe lake alfajiri, anakwenda shambani au sokoni, na jiwe linamshikia zamu. Kila mtu analijua jiwe la kila mtu. Na kila mtu anajua pia kwamba jiwe likifika mbele na mwenyewe hayupo, anaitwa mara tatu, na asipoitika jiwe linapelekwa nyuma, bila maneno. Mtoto wa miaka mitano anajua. Eyotaru amejua tangu akiwa na miaka mitano kule Dadamu. Jumatano kutwa, kati ya vifuniko vyote vile, hakuna aliyekumbuka kuweka jiwe.

Aliga alikuwa amesimama wima kando ya mpini. Mstari wa tatu ulisema mwenyewe ateke. Alikuwa anamsubiri mwenyewe.

"Ni la nani?" Eyotaru akauliza.

"La Mama Evelyn," wakasema wanawake watatu pamoja.

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Kuluva kumwona mgonjwa. Anarudi Jumapili."

Mwanamke mmoja aliyefunga kitenge cha njano alisogea, akalisukuma jiwe kando kwa mguu. Aliga akainama, akaliokota, akalirudisha mahali pake, akalinyoosha kidogo. Mstari wa nane.

"Hii mutu iko na akili kweli?" akauliza mwanamke wa kitenge cha njano. Alikuwa mchuuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, naye alikuwa na haraka. "Papa Aliga, jiwe inakunywa maji?"

"Sijui kama inakunywa," Aliga akasema. "Zamu iko yake."

Hapo ndipo kamati ilipoingia getini, dakika ishirini kabla ya saa nne, kila mmoja na kadi yake mkononi. Mzee Ondoga alivaa suti ya kahawia, na Mama Asiya alishika chupa tatu kubwa za chai, tupu, maana alikuwa ameahidiwa maji ya kupikia pale pale. Nyuma yao walikuwa wajumbe wengine watatu ambao mara zote walikubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Mama Asiya alimpa mpishi wa kituo chupa zake. Mpishi akasema hakuna maji. Mama Asiya akatazama pampu, akatazama foleni, akatazama jiwe.

"Aliga, toa hilo jiwe."

"Mama, mstari gani?"

"Mstari gani wa nini?"

Aliga akaonyesha karatasi kwenye nguzo. Mzee Ondoga alivaa miwani, akaisoma yote, mdomo ukisogea kidogo. Alipomaliza akamgeukia Eyotaru. "Hii ndiyo kompyuta yako?"

"Ndiyo, Mzee. Kwa leo."

"Imekwama."

"Imekwama, Mzee. Lakini haikukosea. Tulioandika ndio tuliokosea."

"Basi andika aache. Neno moja tu. Andika *acha*, tupate chai, halafu tuingie ndani tuone kompyuta za kweli."

Alimnyooshea kalamu yake nyekundu. Eyotaru aliipokea. Foleni yote ilimtazama, hata mchuuzi wa Kongo. Wanafunzi wake tisa walisimama kando ya ukuta, na Jale alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, andika, Madamu, andika. Lingekuwa neno moja kweli. Maji yangetoka, chai ingeiva, wangekwenda ndani kuona skrini zikiwaka, na pengine angebaki na kazi. Na kamati ingetoka hapo ikijua kile ilichokuja inajua, kwamba kuna mashine za kweli, na hizo zinajua.

Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akamrudishia mwenyekiti kalamu.

"Mzee, andika wewe," akasema. "Nafasi ipo hapo chini. Chochote utakachoandika, atafanya."

"Mimi?"

"Wewe, Mzee. Umefundisha kuandika miaka ishirini na sita."

Mzee Ondoga alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyejibu vizuri bila heshima. Kisha akasogea kwenye nguzo, na kwa mwandiko wa ubaoni, mzuri sana, akaandika: *12. Mawe yote yaondolewe.* Akapiga nukta.

Aliga akasoma. Akaliondoa jiwe la Mama Evelyn. Akaenda nyuma kando ya foleni akaliondoa la pili, la tatu, mpaka la mwisho, yote akayarundika karibu na ukuta. Wenye mawe, ambao walikuwa wamekaa kivulini wakisuka nywele, wakasimama wote kwa mpigo.

"Langu lile."

"Na langu. Nimeliweka tangu saa kumi na moja."

"Ondoga, lile la mviringo ni langu," akasema Mama Asiya. "Nililituma asubuhi na binti yangu."

Lakini Aliga hakuwa amemaliza. Alipiga magoti kwenye ukingo wa mtaro, ule uliojengwa kwa mawe kuzunguka pampu ili maji yasitengeneze tope, akaanza kung'oa. Alipata la kwanza, akalipeleka kwenye rundo. Akarudi kwa la pili.

"Anafanya nini huyu?" akauliza Mzee Ondoga.

"Yote, Mzee," Elena akasema kwa upole. "Umeandika *yote*."

"Sikumaanisha hayo."

"Hata sisi hatukumaanisha ufagio."

Mzee Ondoga hakuelewa habari ya ufagio, na hakuwa na muda wa kuuliza. Aliandika haraka: *13. Yarudishwe.* Aliga akaacha mtaro, akaenda kwenye rundo, akabeba mawe mawili, akasimama nayo mikononi.

"Wapi, Mzee?"

"Mahali pake."

"Karatasi iseme mahali."

Hakuna aliyejua. La bluu lilikuwa mbele, hilo lilikubaliwa na wote. Mengine saba hayakukubaliwa na mtu. Mama Asiya alisema lake lilikuwa la nne. Mwanamke mmoja akasema la nne ni lake, la Mama Asiya halikuwepo kabisa, limeingizwa juu juu leo kwa cheo. Mama Asiya akamuuliza mama yake ni nani. Akaambiwa. Akasema ndiyo maana. Wajumbe watatu walikubaliana na mwanamke yule, kisha na Mama Asiya, kisha wakaenda kusimama mbali.

Eyotaru aliona kwamba jambo limefika mahali pake, na kwamba huenda kazi yake nayo imekwisha. Aliingia darasani, akatoka na benchi, vifuniko vya soda ndani ya kopo, na kokoto kumi kutoka njiani. Akaweka benchi mbele ya mwenyekiti.

"Kaa, Mzee. Tujaribu hapa kabla ya kumpa Aliga."

Mzee Ondoga alikaa, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka, na kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa na pendekezo. Elena akakaa upande wa pili. Akapanga vifuniko vitano kwa mstari na kokoto mbele.

"Baba, hili jiwe ni nini?" akauliza.

"Ni jiwe."

"Kwa Aliga ni jiwe. Kwako wewe?"

Mzee Ondoga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Ni mtu ambaye hayupo," akasema mwishowe.

"Basi kwanza tumwambie hilo."

Mzee Ondoga akaandika. Kisha akaandika kwamba mtu huyo aitwe mara tatu. Elena akamuuliza nani atamwita, na kwa jina gani, maana Aliga hayajui mawe. Ikaandikwa kwamba kila aliye kwenye foleni atataja mwenye jiwe. Jale akauliza ikiwa mwenyewe atatokea getini kwenye mwito wa tatu, anakimbia, je. Mzee Ondoga akafikiri. Akafuta, akaandika tena. Mama Asiya, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono, akainama.

"Na kama amekufa?"

"Asiya, nani amekufa?"

"Nauliza tu. Aliga ataita mpaka lini?"

"Mara tatu. Tumeandika tatu. Maiti naye mara tatu."

"Na jiwe lake litaenda nyuma, litarudi mbele, litaenda nyuma. Kila siku. Miaka."

Mzee Ondoga akaweka kalamu chini, akautazama mstari wa vifuniko kama mtu aliyeonyeshwa ufa kwenye nyumba yake. Kisha akaokota kalamu, akaandika kwamba jiwe lililokwenda nyuma mara mbili linatolewa kwenye foleni. Akalijaribu kwa kokoto. Akalijaribu tena kwa kokoto mbili zikifuatana, na hapo akagundua kosa yeye mwenyewe, kabla Elena hajafungua mdomo, akamwonya kwa kidole asiseme.

"Kila mtu analijua hili," alikuwa anasema huku akifuta. "Toka babu zetu. Kila mtu."

"Aliga hajui," Elena akasema.

"Aliga anajua. Ni mtu mzima, anachota hapa kila siku."

Wote wakamgeukia Aliga, ambaye alikuwa bado amebeba mawe mawili.

"Mimi najua," Aliga akasema. "Karatasi ndiyo haijui."

Kuhusu zile zamu saba zilizopotea, Mzee Ondoga aliamua kwamba wenyewe, kwa kuwa wapo, wapigiwe kura ya vijiti, na kuanzia leo kila jiwe liandikwe namba kwa chaki likiwekwa. Mama Asiya alipata kijiti cha saba. Aliyemsema kuhusu cheo alipata cha kwanza.

Saa sita na nusu karatasi mpya ilibandikwa juu ya ile ya zamani, mistari kumi na tisa, yote kwa wino mwekundu. Aliga aliweka mawe chini, akasoma kutoka juu mpaka chini bila haraka, akarudi mstari wa pili. Akaita Mama Evelyn mara tatu, kwa sauti ya jeshi, ikasikika mpaka barabara ya Arua. Hakuna aliyeitika. Akalibeba jiwe lenye doa la bluu, akalipeleka nyuma. Mchuuzi wa Kongo akateka.

Chai ilipatikana saa nane. Kamati ilikunywa ndani ya darasa, vitambaa vikiwa vimekunjwa vizuri juu ya kiti, na Mama Asiya akivihesabu. Kompyuta ziliwashwa. Jale na wenzake waliingiza ile mistari kumi na tisa, na mwenyekiti alisimama nyuma ya Jale akimsahihisha herufi kubwa. Wafadhili waliotoa kompyuta walikuwa wanahitaji picha, kwa hiyo picha ilipigwa. Ndani yake wote wanatazama skrini, isipokuwa Elena, ambaye alikuwa ameinama chini ya meza kuona nyaya zinaelekea wapi.

Halafu wanafunzi walitolewa nje na kamati ikakaa. Eyotaru alisubiri ukumbini. Alisikia sauti ya Mama Asiya mara nyingi, na neno *saba* ndani yake. Walipomwita aliingia akasimama.

Mzee Ondoga alisoma kutoka kwenye daftari. Kamati imeona kwamba katika wiki hizi mbili na siku tatu kompyuta hazikutumika, na kwamba jambo hili si zuri. Kamati imeona pia kwamba yenyewe, watu watano, wenye jumla ya miaka mia tatu na zaidi, ilichukua karibu saa tatu kumwambia askari ahamishe jiwe. Kwa hiyo kuanzia sasa wiki mbili za kwanza za kila darasa zitakuwa za Aliga na karatasi, kisha mashine. Rangi zitafundishwa mchana mmoja, wa mwisho, kwa anayetaka. Bwana Afedra ataandikiwa barua. Mwalimu Eyotaru anaajiriwa. Wajumbe wanne wamekubali, mmoja hakupiga kura kwa sababu zake.

"Asante, Mzee," Eyotaru akasema.

"Tia sahihi hapa."

Alimsukumia karatasi ya mkataba. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, wino mwekundu, mwandiko wa ubaoni. Eyotaru alivuta kiti, akaisoma yote. Alitaka kutia sahihi. Mkono ulikuwa umekwisha kushika kalamu. Lakini jicho lake lilikuwa limesimama kwenye mstari wa tatu, uliosema kwamba mwalimu atafundisha mpaka wanafunzi waelewe.

Aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mzee," akasema, "waelewe nini? Na nani atapima?"

Wajumbe watatu walitazamana. Mama Asiya aliacha kuhesabu vitambaa. Mzee Ondoga alisoma mstari wa tatu, akausoma tena akifuata kwa kidole, kisha akanyoosha mkono arudishiwe kalamu, akavuta kiti chake karibu na cha mwalimu, akaomba waletewe kile kikopo cha vifuniko.